Fundi Msikivu

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo langu la "Anatafutwa fundi msikivu" limenitia matatani. Kaja binti mmoja, kashona kola ya majaribio ikanyooka hadi nikaona wivu. Halafu kaandika kwenye karatasi kwamba ni kiziwi. Nikamwandikia kuwa tangazo linasema msikivu! Kajibu kwamba msikivu ni msikivu sana, kusikia ndiko hasikii. Mke wangu kacheka hadi kakaa chini. Nikamwandikia nafasi imejaa.

Jumanne, 4 Machi
Afisa wa kazi huyo mlangoni! Nani kamwita? Mke wangu anakwepa macho yangu. Afisa kasema hata karakana ya cherehani tatu haimkatai mtu kwa sababu ya masikio bila kwanza kujaribu kumrekebishia mazingira. Atarudi Ijumaa. Sawa. Nitamwita binti kwa majaribio, nitafunga taa inayowaka kengele ya mlango ikibonyezwa, basi. Binti atashindwa mwenyewe, mimi nitakuwa mweupe kama pamba.

Jumatano, 5 Machi
Hashindwi! Taa ikiwaka ananigusa bega, maana kengele siisikii. Kengele mbovu hiyo. Kaweka daftari, kila mteja aandike anachotaka. Sitalifungua. Miaka thelathini napokea oda kwa mdomo! Leo kaja bwana harusi mmoja, tumbo limemtangulia. Kasema suruali bana kiunoni. Nikashangaa, nikakata.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Suruali imegoma mapajani. Bwana harusi karibu alie, harusi keshokutwa. Anaapa alisema pana. Daftarini kaandika PANA, herufi kubwa. Binti angeweza kumwonyesha ukurasa ule, mimi nikaumbuka. Kalifunga daftari, kamwandikia mteja kwamba tumekosea, tutarekebisha. Tumekosea! Kakaa hadi jioni akiongeza vipande ubavuni, huwezi kuona mshono ulipo. Baadaye kaniandikia kwamba pana na bana mdomoni ni kitu kimoja, ndiyo maana huwaomba watu waandike. Kaongeza kwamba kaniona tangu siku ya kwanza nikitazama watu midomo, na kwamba si dhambi. Kisha kaivuta meza yangu ielekee mlangoni, taa kaihamishia juu yake. Nimejifanya natafuta uzi ili asinione nikifuta machozi.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kasaini mkataba. Afisa kanisifu, kisha kauliza mbona taa iko juu ya meza yangu. Nikamweleza ni marekebisho ya binti. Binti na mke wangu wakatazamana.
Jioni mke wangu kanishika mkono, kasema kwa miaka miwili anapiga kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe, twende basi nikapimwe masikio. Nikamwambia kwa upole kwamba masikio yangu ni mazima, watu wa siku hizi ndio wananong'ona. Ila nimekubali binti atufundishe lugha ya alama. Namwonea huruma, maskini, asikose wa kuongea naye.