Hukumu ya Mama Yavuka Kwenda Kaplong

Jumatatu, 14 Julai

Nyumbani tena. Majina ya wenye deni la karo yalisomwa paredini, langu lilikuwa la nne. Kidato cha tatu nakisomea jikoni sasa, kati ya kuni na kuku. Mwalimu wa darasa alisema bila kunizungusha: muhula wa tatu ukifunguliwa na sina karo, kitanda changu na dawati langu atapewa msichana mwingine.

Jambo la kuchosha ni kwamba karo ipo. Ipo Kaplong. Kwa Weldon.

Weldon alichukua miche ya chai kwa kitalu cha Mama, pikapu imejaa, akasema atalipa mvua ikianza. Mvua ikaanza. Ikaisha. Ikaanza tena. Mama akampeleka korti ya madai madogo hapa Kericho. Weldon hakutokea. Mama akashinda! Tulipika chapati. Hukumu ina muhuri mkubwa, na Mama aliiweka ndani ya Biblia. Haijatoka humo tangu siku hiyo. Naona anangoja Mungu mwenyewe aende kuidai.

Weldon naye akahamia shamba la marehemu baba yake, kaunti ya Bomet. "Amevuka," Mama husema, kwa sauti ya matanga.

Nimeamua kuidai mimi. Nakiri mimi si mtu wa kudai. Nikiombwa kusoma matangazo kanisani, najificha chooni mpaka sadaka ipite. Lakini mpango mzuri hauhitaji sauti.

Jioni Vivian wa jirani alipita na yunifomu. Akasimama langoni petu kuvuta soksi. Hazikuwa zimeshuka.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa kwanza: upelelezi. Nilimwambia Mama naenda Kaplong kumwona rafiki aliyelazwa hospitali ya misheni. Uongo. Nimeomba msamaha tayari, kwa Mungu, si kwa Mama.

Njia nzima nilikuwa nakariri sentensi moja, salamu ya Kikipsigis na ombi: chamgei mama, naomba maji ya kunywa. Nilipofika kwa Weldon sentensi ikapotea. Nikabaki nimesimama kama nguzo ya stima. Mkewe akatoka. Anaitwa Nelvine, hanijui. Akauliza kama natafuta kazi ya kuchuna chai. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama mimi ni mgonjwa, nimetoka hospitali. Hapo nikaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa njia fupi. Maskini! Akanishika mkono, akaniketisha jikoni, akanipa chai.

Chai ya maziwa matupu! Maji yalipitishwa karibu tu, ili yaone. Nilikunywa vikombe viwili vya ushahidi.

Nikachungulia nyuma ya nyumba. Ng'ombe! Mweupe wote, sikio moja jeusi, mnene kama mke wa chifu. Mtu ambaye hawezi kulipa miche ana ng'ombe wa namna hiyo! Nilirudi nyumbani na hasira, na tumbo limejaa maziwa ya adui.

Jumatatu, 21 Julai

Kortini Kericho. Nilijua sitaweza kuongea dirishani, kwa hivyo maswali niliyaandika kwenye karatasi nikayasukuma kwa karani. Akasoma, akanitazama kwa huruma, akadhani mimi ni bubu. Akaanza kunijibu kwa mikono. Faili hapa. Faili ndani ya gari. Gari linavuka. Korti ya upande ule inapokea, muhuri, ndipo dalali wa korti anaingia kwa Weldon kukamata mali. Alieleza vizuri sana, hata watu wa foleni walielewa. Niliona ni utovu wa adabu kuanza kuongea katikati.

Kwa hivyo hukumu ya Kericho haiendi Bomet hivi hivi tu. Nayo inahitaji nauli.

Nilimwambia Mama kila kitu usiku wa leo, pamoja na ng'ombe. Alichambua sukuma mpaka ikaisha. Akasema sawa, ataweka sahihi kwenye ombi la kuvusha faili, lakini nisimfanye aonekane mtu mbaya kwa watu. Nikamwambia huwezi kuonekana mtu mbaya ukiwa na muhuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Faili limefika! Wiki zote hizi nimezeeka. Shule zimefungwa, Vivian yuko likizo, sasa anavuta soksi hata bila yunifomu.

Dalali anaitwa Gichana. Ana sauti ya kuuza viazi soko zima. Ananiita madam mdogo. Alitaka pesa za lori kwanza, na Mama akakopa kwa chama. Mama hakunitazama alipokuwa akizihesabu.

Leo Gichana alipeleka notisi Kaplong, na mimi nilikuwa kwa gari, nimelala chini ya dirisha. Nilisikia yote. Weldon alisema pole pole, ng'ombe si wangu. Gichana akacheka mpaka gari likatikisika. Akasema, "Rafiki yangu, hii kazi nimeifanya mpaka nikaota mvi, na sijawahi kukutana na mdaiwa mwenye ng'ombe. Wote ni wa jirani! Na wa jirani ni wa shemeji!" Akauliza basi huyu ni wa nani. Weldon akasema ni wa mzee fulani, na mzee kama huyo hatajwi mbele ya wageni.

Mzee fulani! Nilikaribia kucheka mimi mwenyewe. Amepewa siku saba alipe, au huyo mzee ajitokeze kortini apinge.

Jumapili, 10 Agosti

Babu Johana alikuja kula baada ya kanisa. Babu ni baba ya Mama, na hana kitu, kila mtu anajua. Neno karo likitajwa, yeye hugeuza mfuko wa koti nje ndani tuone ulivyo mtupu.

Mama akamsimulia mambo ya Kaplong. Weldon, notisi, ng'ombe mweupe mwenye sikio jeusi. Babu akaweka tonge chini. Akauliza sikio lipi. Nikasema la kushoto. Akaomba maji. Akauliza kama huyo dalali ni mtu wa subira. Kisha akatuhubiria kwa kirefu juu ya kusamehe wanaotudai na tunaowadai, yeye ambaye amekaa kortini na jirani kwa ajili ya mpaka tangu kabla sijazaliwa!

Mwishowe akaomba nauli. Alisema kuna mtu wa rika lake mgonjwa, Kaplong. Mama akamwambia hana hata senti, zote zimeingia kwa lori. Babu akaondoka bila kumaliza mboga.

Nafikiri ni tumbo. Nimemtengea dawa ya minyoo.

Jumatatu, 18 Agosti

Siku saba zimepita. Hakuna mzee aliyejitokeza. Nilijua!

Tulienda na lori, mimi, Mama na Gichana. Nilitaka kujificha tena lakini Mama akaniambia nishuke, kazi ni yangu. Nelvine akatoka jikoni. Akanitambua. Akauliza kama nilipona.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi ya hicho. Alisimama na taulo ya kukamulia mkononi huku vijana wa Gichana wakimsukuma ng'ombe kupanda. Hakutukana mtu. Ingekuwa afadhali angetukana.

Weldon hakumfokea Mama. Alimwambia, "Mama Chepkemoi, ungeningoja Disemba tu." Akasema aliaibika kuja kortini mikono mitupu. Akasema tangu mwezi wa tatu kila maziwa ya jioni anauza, pesa anaweka akiba kwa sako mpaka Disemba, deni limebaki nusu. Maziwa ya ng'ombe huyu.

Mama akanitazama mimi. Nikatazama lori. Gichana akasema hayo angemwambia hakimu.

Ina maana tumekamata kitu kilichokuwa kinatulipa. Lakini hilo sikulijua, na muhuri haukulijua.

Jumanne, 19 Agosti

Siwezi kuandika vizuri. Nitajaribu.

Asubuhi tulienda yadi ya Gichana mjini Kericho kutia sahihi. Tukamkuta Babu langoni. Koti la Jumapili, fimbo, na wazee wawili wa rika lake nyuma yake. Akamwambia Gichana, kwa heshima sana, kwamba amekuja kuchukua ng'ombe wake.

Mama akasema, baba, ng'ombe gani?

Gichana akataka karatasi. Babu hakuwa na karatasi. Akauliza basi atajuaje. Babu akamwambia anyamaze kidogo. Kisha akaita pale pale langoni, si kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtoto chakulani: "Chelel!" Yule ng'ombe akageuza kichwa. Akaja. Alikuja na kamba, na mti aliofungiwa, na kipande cha ua. Akaingiza ulimi ndani ya mfuko wa koti la Babu, ule ule anaotugeuzia sisi. Ulikuwa na chumvi.

Gichana akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini, "Haya, huyu sasa ana mwenyewe."

Ni kimanagan. Babu alimweka nyanya ya Chelel kwa baba ya Weldon zamani, na Weldon akarithi kazi ya kutunza uzao wake. Mtunzaji anakunywa na kuuza maziwa, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe, na mwenyewe hatajwi ovyo. Babu alisema unamweka mbali ili ugonjwa usimpate, na wezi wasimpate. Mama akaongeza, "Na jamaa zako wasimpate." Wazee wale wawili wakatazama viatu vyao. Nahisi nao wana ng'ombe mahali.

Kila Mkipsigis anajua kimanagan. Mimi niliandika insha juu yake kidato cha pili. Nilipata alama nzuri. Mwalimu aliisomea darasa zima.

Gharama ya lori na yadi, Gichana akasema, ni ya Mama. Tumekamata mali ya mtu mwingine. Mtu mwingine ni sisi.

Jumapili, 24 Agosti

Wamekuja wote kwetu kunywa chai na kumaliza maneno. Babu, Weldon, Nelvine, wale wazee. Vivian aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama ni kweli tumemshtaki babu yetu.

Mama alimwambia Babu kwamba mtu mwenye ng'ombe ana mjukuu pia. Babu akafikia mfuko, akakumbuka, akauacha. Amechukua pesa za mbele kwa wanunuzi wa maziwa. Zimelipa lori na yadi, na nusu ya karo. Shule imekubali nusu. Kesho narudi!

Chelel anabaki hapa kwetu. Lakini mwenye ng'ombe akimrudisha nyumbani, mtunzaji hatoki bure. Kwa hivyo Babu, mbele ya kila mtu, alimpa Weldon mtamba, binti ya Chelel, mwenye mimba. Wake kabisa. Weldon akavua kofia. Naye akaahidi kulipa deni la Mama kidogo kidogo, na Mama akampa mkono. Baadaye walienda nyuma ya nyumba, Mama na Weldon na Nelvine, wakaongea kwa muda mrefu. Sikuitwa.

Kisha wakataka niseme kitu. Nilisimama. Nikamwomba Nelvine msamaha kwa sababu ya chai, na Weldon kwa sababu ya mengine yote, nikasema haya mambo ya madeni nimewaachia wakubwa, sitayagusa tena. Nelvine akapiga makofi. Alisema hakujua nina sauti nzuri hivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Shuleni. Dawati ni langu, kitanda ni changu, godoro limekonda. Nimechoka kama mtu aliyevuna ekari nzima peke yake. Nilisema kweli jana, sitaki tena kusikia madeni.

Lakini kwenye masomo ya jioni nilikuwa nafikiria tu.

Yule mtamba ni wa Weldon. Si wa mzee fulani. Kuna mashahidi: Babu, wazee wawili, Mama, mimi. Sidhani kuna ng'ombe mwingine Bomet nzima mwenye mwenyewe wa wazi hivyo. Na hukumu bado ina muhuri! Kupeana mkono hakufuti muhuri.

Shida ni moja. Asubuhi Nelvine, aliyelala kwetu, alimwambia Mama, nikiwa nafunga sanduku, kwamba mtamba habaki Kaplong. Wiki hii wanamweka kimanagan kwa mtu mwaminifu, upande wa Kericho, akizaa huyo mtu auze maziwa mpaka aridhike. Nikauliza ni nani. Nelvine akamtazama Mama, Mama akarudi kupigilia misumari. Anajenga kibanda cha pili kando ya cha Chelel, sijui cha nini, mbao zenyewe ni ghali. Mama siku hizi hafikirii matumizi.

Upande wa Kericho! Afadhali hata. Safari hii faili halihitaji kuvuka.

Nimemwandikia Gichana. Nimemwambia atayarishe lori, mimi nitamtafuta huyo mtunzaji. Na nikishajua ni nani anayemficha yule mtamba, tunaingia kwake alfajiri, bila kubisha hodi na bila kumwonea huruma, hata akilia.