Pedali Tatu na Harusi ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Fundi Cherehani, kiongozi wa bendi yetu, kanitolea uvivu mbele ya wote. Eti vidole vyangu vinachelewa, na nyuzi zangu zinavuma hata zisipoguswa. Jumamosi anaolewa dada yangu wa mwisho. Nisipojirekebisha, besi atapiga shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, aliyejifunzia gitaa langu, sebuleni kwangu, akinywa chai yangu. Thubutu. Mazoezi ni ya wasiojua. Nimeazima pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa.

Jumanne, 4 Machi
Ya kwanza ni ya mkwaruzo. Unaikanyaga, besi inanguruma, makosa yanamezwa. Hesabu safi kabisa. Nimeikanyaga mazoezini, kwenye kibanda cha Fundi cha kushonea. Fundi akazima cherehani yake ya umeme, akaichungulia chini, akauliza nani mwingine anasikia mota ikiungua. Shemeji akamjibu kwa upole kwamba si mota, ni mimi. Upole wa kukera.

Jumatano, 5 Machi
Ya pili inasawazisha: sauti kubwa inashushwa, ndogo inapandishwa. Nilitaka noti zangu dhaifu zipate nguvu. Zimepata. Kucha zinazokwaruza nazo zimepata, uzi wa tatu nisiougusa umepata, na pete yangu ya ndoa inayogonga shingo ya gitaa imepata kuliko vyote. Mke wangu katoka jikoni kuuliza nani anabisha hodi.

Alhamisi, 6 Machi
Ya tatu, ya mwangwi. Kila noti inarudi mara moja. Nikikosea, mwangwi utaziba pengo. Kumbe ukichelewa, unachelewa mara mbili! Nimeona aibu peke yangu sebuleni.

Mke wangu, asiyewahi kushika gitaa, kashauri nipige polepole, nizime uzi mmoja kabla ya kugusa mwingine, mpaka noti na mwangwi wake visigongane. Nikamwomba asiingilie mambo ya kitaalamu. Alipoenda sokoni nikafanya alivyosema, kwa saa tatu mfululizo, ili nimwoneshe alivyokosea. Bado sijamwonesha.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne nyingine. Vidole vimevimba. Fundi kasikiliza, kaguna, kasema kesho nipige, ila shemeji akae karibu na gitaa lake. Pedali hii ya mwangwi ni dawa!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga! Mdogo wangu kacheza mpaka kavua viatu. Mwangwi hata sikuusikia, jinsi ulivyokaa sawasawa na noti. Shemeji kakaa na gitaa mapajani, mwisho kaliacha kitini kaenda kucheza. Fundi kanipa mkono, kasema hajapata kusikia besi safi namna hii. Bibi harusi akanikumbatia, machozi yakanilengalenga. Nilifurahi, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Kwenye chai mke wangu kaniambia jambo. Jana, kabla hatujaanza, shela la bibi harusi lilikuwa limekunjamana. Akachomoa waya wa umeme wa pedali yangu, akachomeka pasi. Akasahau kuurudisha.

"Pedali ilikuwa imezimika shughuli nzima, sauti ikipita tu," akasema. "Ulikuwa unapiga wewe."

Kisha akanitazama, akingoja.

Nimetafakari sana. Nikaelewa. Ikiwa pedali inafanya kazi vizuri hivyo bila umeme, ikiwashwa itakuwaje? Kesho naenda kuazima mbili zaidi za aina hiyohiyo. Mazoezi nimeacha, vidole vipumzike. Havikuwa na kazi yoyote.