Baridi Rasmi ya Gari la Wagonjwa

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia leo, hewa ya mji huu ni nyuzi arobaini chini ya sifuri. Wananchi wanaombwa kutetemeka kwa utulivu.

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la Idara ya Magari ya Wagonjwa saa sita mchana, lami ikinata kwenye kandambili. Dereva wa idara, ambaye mji mzima ulimwita Honi, alilisoma huku akijifuta jasho kwa kofia. Hakucheka. Tangu azike mkewe, mambo ya wakubwa yalikuwa hayamchekeshi.

Chanzo kilikuwa kidude kiitwacho sensa, kisichozidi kidole gumba. Kazi yake kupima joto la hewa inayoingia kwenye injini, ili injini ijue inywe petroli kiasi gani. Gari pekee la wagonjwa lilikuwa limeanza kutoa moshi mweusi, likazimika katikati ya mlima wa hospitali, na mke wa Honi akakata roho humo nyuma, mumewe akihangaika na ufunguo. Baada ya matanga, fundi wa idara, Mama Spana, alichomeka kompyuta yake kwenye gari. Akaangalia, akaangalia tena.

"Sensa imekufa, kaka. Inaiambia injini kuna barafu. Injini nayo, masikini, inabugia petroli mpaka inapaliwa."

"Si ubadilishe?"

"Za stoo ni hizohizo. Kaleta shemeji yake Mkuu. Nimejaribu boksi zima, zote zinatetemeka."

Hapo Mkuu wa Idara akaingilia kati kwa busara. Zile sensa alizizindua mwenyewe, kwa kukata utepe. Kitu kilichokatiwa utepe hakikosei. Kwa hiyo iliyokosea ni hewa. Ikaundwa Kamati ya Hewa, ikakaa, ikanywa chai, ikaagiza: viyoyozi ving'olewe, watumishi wavae makoti ya sufu, na gari la wagonjwa lisiondoke mpaka injini ipashwe moto nusu saa. Kuhusu marehemu, Kamati iliridhika kwamba alichukuliwa na baridi.

Honi akaingia kwa Mkuu, kofia mkononi.

"Mkuu, binti yangu ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Mama yake kafia humo ndani. Naomba sensa moja tu, iliyo nzima."

"Pole sana, mzee wangu. Lakini wewe joto unalihisi kama nani?"

"Kama mtu anayetoka jasho, Mkuu."

"Hayo ni maoni binafsi."

Siku ya kuzindua makoti, ukumbi ulifungwa madirisha yote. Mkuu alipanda jukwaani amevaa sufu hadi kidevuni. Alihutubia juu ya theluji mpaka macho yakageuka, akaanguka kama gunia la chumvi.

Wakampakia. Honi akawasha injini, akakunja mikono.

"Ondoa gari," Mkuu akanong'ona.

"Tunapasha injini, Mkuu. Agizo lako."

"Nakufa na joto mimi."

"Hayo si maoni binafsi?"

Mama Spana akachungulia mlangoni. "Hata likiondoka, litazimika mlimani. Ila gari lako wewe, Mkuu, lina sensa nzima, ile iliyotoka nayo kiwandani. Nizibadilishe?"

Mkuu akaitazama Kamati. Kamati ikatazama viatu vyake. Mkuki ulikuwa umehama kwa nguruwe.

"Badilisha," akasema. "Lakini uite ushirikiano wa vifaa."

Gari likapanda mlima kama mbuzi. Mkuu akapona, akarudi ofisini, na tangazo likabaki getini palepale, maana kulibandua kungekuwa kumuumbua shemeji. Kwa sababu hiyohiyo, gari la Mkuu likabaki na sensa ya shemeji.

Binti aliposhikwa na uchungu, Honi alimpakia mwenyewe, injini ikinguruma vizuri. Katikati ya mlima, palepale, wakakuta gari la Mkuu limezimika ndani ya moshi mweusi. Shemeji alikuwa akisukuma, koti mwilini. Mkuu, koti mwilini, alipunga mkono kuomba msaada.

Honi akateremsha kioo.

"Poleni na baridi," akasema, akakanyaga mafuta.

"Baba," binti akauliza huku akikunja uso kwa uchungu, "kina nani wale?"

"Kamati, mama. Wanapasha injini."