Mapumziko Yafutwa Kasulu

Watumishi wote wa Kasulu walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mapumziko kati ya zoezi na zoezi yamefutwa kwa manufaa ya taifa.

Aliyetangaza ni Ndugu Philemon, mkuu wa Idara ya Ukakamavu, mgeni kutoka Dodoma. Hoja yake haikuwa na doa: zoezi huleta afya, pumziko si zoezi, basi pumziko huleta maradhi. Tena Jumamosi mkubwa wa mkoa angekuja kukagua, naye alikuwa akitafuta naibu wa kukaa naye ofisini mjini Kigoma. Philemon alikwisha kuwaaga jirani zake.

Jumatatu wakapanda kilima kwa mchakamchaka, wakaunganisha na kuruka kichura. Kabla ya zoezi la tatu, Pelagia, mpiga chapa, akapiga magoti mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli ya ndizi.

"Mwakeye, babu," akamwamkia kwa Kiha, akipiga makofi polepole.

Mzee naye akapiga makofi. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za maharage. Nyuma ya Pelagia ukawa mstari wa watumishi wakingoja zamu ya kusalimia.

"Ndugu Pelagia, unapumzika?"

"Nasalimia, Ndugu Mkuu. Ukimpita mzee mbio huku kwetu, watauliza nani kafa."

"Mtamaliza lini?"

"Inategemea ana ng'ombe wangapi."

Kupiga marufuku salamu kungekuwa kutukana utamaduni. Philemon akatoa ufafanuzi: salamu ruksa kwa wote, isipokuwa kiongozi, maana yuko kazini. Wenzake wakisalimia, yeye aliruka papo hapo.

Adabu ikastawi wilayani. Hata Longinus, tarishi, aliyekuwa akimkwepa baba mkwe wake, sasa alimtafuta kilimani kila asubuhi.

Jumamosi mkubwa akaja, akiwafuata taratibu kwa Landrova. Katikati ya mlima, Bibi Kezia alikuwa akipalilia kando ya barabara. Watumishi wakapiga magoti. Kifua cha Philemon kilikuwa kikilia kama birika. Akatazama nyuma, gari bado liko bondeni. Naye akapiga magoti.

"Mwakeye, bibi. Ng'ombe hawajambo?"

Bibi akafuta mikono. "Kumbe ni wewe, mwanangu. Wiki nzima nakuona unatupita, nikasema huyu ana kazi nzito ya serikali. Nenda, tusikucheleweshe."

"Leo nina nafasi, bibi. Na ndama je?"

"Nenda, baba. Ndama nitamweleza Pelagia."

Landrova ikafika. Mkubwa akatoa kichwa dirishani.

"Hawa mbona hawajachoka?"

"Ni mwongozo wake, mzee," akasema Pelagia, bado kapiga magoti.

Mkubwa akamtazama Philemon, aliyekuwa amesimama tena na kuruka papo hapo, kwa kuwa hakujua la kufanya.

"Nilikuja kutafuta naibu wa ofisini," akasema. "Lakini mtu wa namna hii kumfungia ofisini ni kuidhulumu Kasulu. Utabaki hapa hapa, ndugu. Haya, endelea, nataka nikuone mpaka kijijini Muyama."

Dereva akaingiza gia ndogo. Philemon akaendelea.