Uso Wangu Kwenye Kioo cha Gari

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, mtaa wa Gerezani kule Kariakoo, mbele ya mafundi, wabeba mizigo na mteja. Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Wao watatia chumvi, na iliyopo inatosha.

Gari langu dogo mnalijua. Limetoka Japani na kamera yake, imekaa juu kwenye kioo cha mbele, katikati, inatazama barabara. Ukiuacha mstari, inapiga kelele. Ukimsogelea mtu sana, gari linashika breki lenyewe. Mimi nimeishia darasa la saba, inavyofanya kazi sijui. Naiheshimu tu. (Pengine imenizidi akili. Leo nina hakika.)

Kamera hiyo ndiyo iliyonipatia Mama Hetal. Ana duka la vitambaa Mchafukoge, anakaa Upanga, na anatafuta mtu wa kuwapeleka wanawe wawili shule kila siku. Wiki iliyopita aliniambia hivi: "Mama Zuhura, madereva wapo wengi. Mimi nataka gari linaloshika breki lenyewe. Ijumaa nitakuja kuliona. Likiniridhisha, Jumatatu unaanza."

Ijumaa ndiyo leo. Na mimi nina miezi mitano sina kazi ya kueleweka. Mnanielewa.

Asubuhi hapa Magomeni nawasha gari, taa ya njano hiyo kwenye dashibodi, na maandishi ya Kijapani chini yake. Mimi na Kijapani hatujuani. Niseme haki, taa ilianza kuwaka juzi Jumatano, nikaipuuza. Tena nilifurahi. Siku zote nikiingia Kariakoo gari linapiga kelele kwa kila mkokoteni, lakini juzi na jana kimya kabisa. Nikasema, afadhali, gari limeizoea Kariakoo. (Msinitazame hivyo.)

Leo sasa nikaanza ufundi. Nikazima, nikawasha. Taa ipo. Nikafuta kioo kwa ndani. Taa ipo. Nikachomoa waya wa betri, nikahesabu mpaka mia mbili, nikaurudisha. Redio ikasahau stesheni zote, saa ikarudi sifuri. Taa ipo!

Nikaenda kwa fundi umeme Gerezani. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, akakuna kidevu.

"Kamera ni nzima, dada. Inasema tu haioni."

"Haioni nini?"

"Haioni chochote. Ulibadilisha kioo karibuni?"

Hapo damu ikanipanda. Wiki mbili zilizopita jiwe lilinipasulia kioo, na aliyeniwekea kingine ni Fundi Mashaka, ambaye banda lake ni hapo hapo, hatua chache tu. Nikasogeza gari mpaka mlangoni kwake. Nikashuka bila salamu.

"Mashaka! Umenipiga kioo feki!"

"Mama Zuhura, kwanza habari za toka juzi?"

"Habari haipo! Kamera imekuwa kipofu! Watoto wa watu wataangamia kwa ajili yako!"

(Hakuna mtoto aliyekuwa amepanda. Nilinogewa.)

Watu wakajaa. Gerezani ukipaza sauti tu, umepata mkutano. Mbeba mizigo mmoja, gunia kichwani, hajui hata kesi inahusu nini, akapiga kelele: "Mrudishie hela yake huyo mama!" Nikapata nguvu. Nikaongeza mengine ambayo siyaandiki hapa, kuna watoto wa ndugu zangu wanasoma.

Simu ikaita. Mama Hetal.

"Uko wapi?"

Mimi uongo siuwezi. Si kwa wema, ni kwamba nasahau nilichosema. "Niko Gerezani kwa fundi. Kamera imegoma."

"Mtaa gani? Nakuja."

Hazikupita dakika kumi akashuka kwenye bajaji. Akasimama mikono kifuani.

Mashaka akaacha kazi yake. Alikwenda mbele ya gari, akasimama, akainamisha kichwa upande, akasoma kwa sauti kama anasoma tangazo la msiba: "Mama Zuhura. Usalama wa Mtoto Kwanza."

Hiyo ni stika yangu. Niliichapisha hapo Kariakoo, inavuka kioo chote kule juu, rangi ya dhahabu, na katikati kuna picha yangu nimevaa hijabu ya zambarau, natabasamu. Niliitengeneza makusudi Mama Hetal aione leo.

"Hii umeibandika lini?" Mashaka akauliza.

"Jumanne jioni."

"Taa imewaka lini?"

"Jumatano... asubuhi."

"Na wiki mbili hizi za kioo changu, kamera ilikuwa inaona au haioni?"

Akafungua mlango, akapeleka kidole mpaka kwenye kamera. "Kamera hii hapa. Mbele yake kuna nini?"

Tukatazama wote. Mbele yake nilikuwepo mimi.

"Mama, siku tatu kamera inatazama kisogo chako!"

Jamani, walicheka! Fundi umeme, aliyekuwa amefuata kelele, alikaa chini kabisa. Yule wa gunia alilitua, acheke vizuri. (Na asubuhi nilipofuta kioo niliona kule juu kumekuwa kweupe, kumbe ni mgongo wa stika. Nikafuta kwa nguvu zaidi.) Mama Hetal peke yake hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Stika ikawa haibanduki, gundi kali. Mashaka akanipa wembe. "Toa mwenyewe, mimi nisije nikaambiwa nimekwaruza." Alikuwa na haki. Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikaanza kujikwangua uso mbele ya kadamnasi.

"Anzia sikio!"

"Punguza na shavu, dada, lilizidi!"

Pua ilitoka nzima. Tabasamu likagoma. Nusu saa nahangaika na meno yangu mwenyewe. Mashaka akasema nitoe stika yote, nikakataa katakata. Kilichoziba ni uso, maneno hayajamziba mtu. Yako pale mpaka sasa, na yatakaa.

Kisha nikamwomba radhi Mashaka. Nilimkosea mbele ya watu, nikasema nimwombe mbele ya watu wale wale. Wawili walikuwa wameshaondoka, nikaagiza waitwe. Mmoja alirudi na wenzake watatu. Nikarudia tangu mwanzo.

Mashaka akasema, "Yameisha, mama. Ila siku nyingine nisalimie."

Mama Hetal akapanda mbele. Nikawasha. Taa imezimika! Hatujamaliza mtaa, mkokoteni wa ndoo za plastiki ukakata mbele yetu, gari likapiga ukelele na kujishika breki, Mama Hetal akashika dashibodi kwa mikono miwili. Tukatulia pale, mwenye mkokoteni anatutukana vizuri tu.

"Hili jambo ungeweza kunificha," akasema.

"Ningeweza."

"Madereva wawili kabla yako waliniapia magari yao hayajawahi kusumbua hata siku moja. Wewe umeniita nije nikuone unajikwangua uso."

"Sikukuita, Mama Hetal. Ulikuja mwenyewe." (Sijui kwa nini nilisema. Lakini ndiyo haki.)

Akanitazama. Akatazama kioo. Ndipo alipocheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na nyuma yetu honi zinalia mtaa mzima.

"Jumatatu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Usichelewe."

Kwa hiyo chekeni. Leo chekeni, kesho chekeni, Jumapili malizieni. Jumatatu alfajiri mimi sipo wa kuchekwa, niko Upanga, nina kazi.