Audace na Mkato wa 8,314

Nyamazeni, enyi wa mwaka wa tano sayansi! Wekeni chini mikate yenu, msikie habari za Audace mwana wa Bigirimana, simba wa bweni la pili, mvaa sweta lisilo na vifungo, aliyeingia vitani Jumamosi asubuhi katika chumba cha kompyuta.

Dada yake Ingrid alikuwa anatua uwanja wa ndege wa Kanombe saa tatu na nusu, baada ya miaka minne ya Ubelgiji. Lakini Mwalimu Nasimiyu, malkia wa fizikia aliyetujia kutoka Bungoma, alikwisha kutoa amri: "Kifaa cha kuwafundishia wadogo zenu kikifanya kazi, utatoka. Kikikataa, utabaki nacho hadi jioni."

Nusu ya kifaa ilikuwa tayari: mraba wa kadibodi wenye herufi nane, ambao ukiuzungusha unakukumbusha milinganyo ya joto bila kulia. Nusu ya pili ilikuwa programu ya mistari mitano ya kuhakiki mlinganyo mmoja kwa namba: moli mbili za gesi, mara R, ile namba ya gesi isiyobadilika, mara joto la mia tatu.

Audace akabonyeza. Lo! Badala ya jibu moja, skrini ikafurika majeshi: 8, 314, 8, 314, 8, 314, safu nyuma ya safu, jozi mia sita zisizo na huruma.

"Ndugu yangu," akasema Jeremiah, jirani yake wa dawati, "umeomba jibu ama umeita kambi nzima?"

"Nyamaza wewe! R ni nane na sehemu zake, 8,314. Kwetu Bujumbura desimali tumeziandika kwa mkato tangu shule ya msingi!"

"Kwa kompyuta hiyo iko namba mbili, bwana. Nane, halafu mia tatu kumi na nne, na imezirudia mara mbili kwa mia tatu. Weka nukta."

Audace akasimama, akahutubia viti. "Mkato huu nilifundishwa na baba yangu, mezani, kwa rula! Leo niusaliti kwa ajili ya mashine?"

"Saa mbili na dakika hamsini," akasema Mwalimu, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari.

Kidole cha shujaa kikashuka. Mkato ukaanguka. Nukta ikatawazwa. Na skrini, kwa unyenyekevu, ikatoa namba moja tu: 4988.4.

"Nenda," akasema Mwalimu.

Wanahistoria, andikeni: alivuka geti kiatu kimoja mkononi, akadandia pikipiki ya abiria, akamkuta Ingrid anasukuma masanduku.

"Mbona umelowa jasho, mdogo wangu?"

Naye mshindi wa majeshi mia sita akajibu, "Dada, usimwambie baba. Nimeacha mkato."