Njia Yangu ya Kuteremkia Kisimani

Newala, Jumatano, 21 Aprili 1954
Na ijulikane kwa vizazi vijavyo: leo, saa mbili asubuhi, nimenoa jembe. Sababu ni nzito. Mke wangu Getrude amerudi kwao Mnyambe. Kasema amechoka kuteremka genge kila alfajiri na kupanda na mtungi kichwani hadi mchana. Atarudi siku maji yakiwa karibu. Kuyasogeza maji siwezi. Njia naweza! Ile ya zamani inapinda kama utumbo wa mbuzi. Yangu itaanzia nyuma ya jiko letu na kushuka moja kwa moja hadi kisimani.

Ijumaa, 23 Aprili
Mianzi yote ya mteremkoni nimeifyeka. Jirani yangu Muharami kaja kuuliza kama nachimba njia au kaburi. Wivu! Kanionyesha ufa nyuma ya jiko, mguu mzima unaingia. Nimeufukia. Umekwisha.

Jumamosi, 24 Aprili
Nimemwamkia Bi Kibibi, aliyeteka maji gengeni hapa miaka arobaini. Kaniitikia marahaba, Baba Josephina, kisha mahubiri: mvua za mwisho ndizo mbaya, udongo umeshakunywa ukalewa, kisima kikitoa tope na mvua hakuna, ujue mlima umeanza kutembea. Ningoje hadi Juni. Juni! Nimemwambia kwa heshima kwamba jua linawaka na mvua zimekwisha. Nimechungulia kisima. Tope. Bila shaka mbuzi wa Muharami. Nimetuma salamu Mnyambe: Getrude aje Jumatatu kufungua njia.

Jumapili, 25 Aprili
Alasiri, jua kali, nikiwa kwenye mazoezi ya kwaya, genge limeporomoka. Njia imekwenda. Jiko limekwenda. Kisima kimefukiwa. Hakuna aliyeumia, maana Bi Kibibi alikuwa amewazuia wanawake tangu asubuhi, bila hata kuniuliza. Muharami kasema sasa nina njia pana kuliko barabara ya Masasi. Sikucheka.

Jumatatu, 26 Aprili
Getrude kafika na kaka yake. Nimewaeleza kwamba kosa lilikuwa la upande ule, si la njia. Hii mpya itapita nyuma ya chumba cha kulala, na mianzi nimeshaanza kuifyeka. Getrude kauliza wanawake wanateka wapi sasa. Kisima cha pili, nikasema, maili tatu mbele. Amechukua kinu chake kilichosalia uani. Kaka yake kabeba mchi, wakashika njia ya Mnyambe.